Mafundo ya Majani Chini ya Jino

Mwaka ule nilikuwa na daftari la mistari, jalada la kijani, na kila jioni niliandika humo mambo ya siku. Nikilisoma sasa naona aibu kidogo. Karibu kila ukurasa kuna mtu namshuku.

Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi Iringa, nikapata kazi Mbeya kwa Bwana Upimaji. Nilidhani nitapewa kalamu na meza. Nilipewa cheni. Wewe unashika ncha moja, mwenzako anashika nyingine, mnatembea porini mnapima ardhi, jioni miguu imejaa miiba. Mwenzangu kwenye cheni alikuwa Mnyakyusa wa huko Tukuyu, mtu mzima, ana mke na watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kazi ile aliianza mimi bado nachunga mbuzi za babu huko Kilolo. Aliniita Darasa la Kumi. Hakuwahi kuniita kitu kingine. Wakati mwingine aliniita mtani, ingawa kabila lake na langu sijui kama tuliwahi kutaniana kihivyo.

Mwezi wa tano, mvua zinakwisha, Bwana Upimaji alituita wote wawili. Alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Alitueleza kwamba bikoni ya juu ya Jino imeanguka. Jino ni jiwe refu lililosimama peke yake kwenye mgongo wa mlima, juu kabisa, ukitoka Mbeya mjini unaliona kama jino la mzee aliyebaki na moja. Bikoni ni nguzo ya miguu minne yenye bati jeusi juu, ili mpimaji aliye mbali ailenge kwa darubini. Yeye angekwenda upande wa Chunya, apige hema huko chini kwenye vumbi, na Jumatatu ya wiki ya pili angeelekeza darubini yake kwenye Jino.

"Mimi nataka ona bikoni. Jumatatu. Hapana Jumanne," alisema.

Kisha akasema neno ambalo lilinikosesha usingizi. Kozi ya upimaji Dar es Salaam ilikuwa na nafasi moja. Atakayesimamisha bikoni vizuri na kwa siku yake, ndiye atakayekwenda. Akatuachia darubini ya zamani ya kujifunzia, kamba ya katani, bati, misumari, na barua ya kumpa mzee mmoja Msafwa anayelima chini ya Jino, ambaye ndiye mtu pekee aliyekuwa anajua njia ya kupanda lile jiwe.

Nafasi moja, watu wawili. Nilimwangalia mwenzangu, naye alikuwa ananiangalia.

"Kamwene, mtani," akasema, kwa Kihehe cha kuniigiza. "Sasa tutajuana."

Tulifika kwa yule mzee Jumanne. Alikuwa mkulima wa pareto na viazi, na mzee wa kanisa, mfupi, koti lake limeshonwa viwiko kwa kipande cha gunia. Alitupa banda la kukaushia maua ya pareto tulale humo. Harufu yake inakaa puani mpaka uji unakuwa na ladha ya maua. Mke wake alikuwa mwanamke mkubwa kuliko yeye, sauti kubwa, mcheshi. Aliniona naandika siku ile ile ya kwanza, akauliza, "Huyu naye karani wa nini? Anaandika kuku zangu?"

Mzee alisomewa barua, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akaniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeisoma, "Hii nguzo ikisimama, hii shamba yangu itakuwa ya nani?"

"Itabaki yako, mzee. Bikoni ni ya kutengenezea ramani tu."

"Ramani ya nani?"

Nikasema ni ya serikali. Akaitikia "Ehee", ile ehee ndefu ya mtu ambaye hajakubali. Jioni ile niliandika: *Mzee hataki bikoni isimame. Huenda ndiye aliyeiangusha.* Nikapiga mstari chini yake.

Mpango wangu ulikuwa tayari kabla hatujafika. Nilikuwa nimechora mlima kwenye kurasa mbili: njia ya kwanza kupitia mgongo, njia ya pili kupitia bonde la mashariki, na ya tatu moja kwa moja, kupitia ufa mrefu unaopasua Jino kutoka chini mpaka karibu na juu. Niliamini mtu akiingia katika ule ufa, mgongo upande huu na miguu upande ule, anaweza kujisukuma mpaka juu. Tulikuwa tunapanda hivyo kwenye majabali ya kwetu tukiwa watoto. Nikapanga Jumatano tukate nguzo, Alhamisi tupande, Ijumaa tumerudi. Bwana akifika Chunya anakuta bikoni inamngoja.

Mzee aliangalia mchoro wangu muda mrefu, akaugeuza, akauangalia tena.

"Mzuri," akasema. "Sasa mlima wenyewe uko wapi hapa?"

Mwenzangu alicheka mpaka akakohoa. Mzee akasema Alhamisi haiwezekani. Maharage yake yamekauka, yakikaa yatapasuka shambani. Halafu majani ya huko juu bado yamelala kwa mvua, yamefunika nyufa. Halafu kuna Jumapili. Pengine Jumatano ya wiki ijayo.

"Mzee, Bwana anataka Jumatatu!"

"Jumatatu ipi?"

"Ya wiki ya pili."

"Sasa Jumatano si inakuja mbele ya Jumatatu hiyo? Kijana, kula kiazi."

Kwa hiyo tulivuna maharage. Mimi, darasa la kumi, nilipiga maharage kwa fimbo siku mbili nzima huku nalitazama Jino limesimama juu yetu, kweupe, hakuna hata wingu. Kila siku ya kweupe namna ile niliihesabu kama imeibiwa. Na aliyeiba nilimjua: yule aliyekuwa hana haraka. Mwenzangu hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa anajua maneno mengi ya Kisafwa, kwa kuwa mama yake mdogo aliolewa huko, na jioni alikaa na mzee karibu na moto, wakivuta tumbaku, wakizungumza. Nikija, wanahamia Kiswahili. Wanasema habari za mvua.

Ijumaa tulikwenda msituni kutafuta miti minne iliyonyooka. Huko juu kwenye Jino hakuna mti, kwa hiyo nguzo zilipaswa kukatwa chini na kuvutwa juu kwa kamba, moja moja. Hilo nililipanga mimi na mzee alikubali, nikafurahi. Tulipopumzika niliketi pembeni niandike urefu wa nguzo na idadi ya misumari. Nikawaona wale wawili wameinama kwenye majani, mzee anamwonyesha mwenzangu kitu kwa mikono yake, kama mtu anayesuka. Mwenzangu akacheka sana. Nilipowauliza wanacheka nini, akasema, "Mambo ya wazee, Darasa la Kumi. Endelea kuandika."

Jumamosi alfajiri mzee alitoka na panga, bila kuaga. Alirudi saa nne, suruali imelowa mpaka magotini, mbegu za majani zimemganda mwilini. Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema, "Kutembea."

Mtu ana maharage yaliyokauka, anaamka alfajiri kwenda kutembea?

Niliandika ukurasa mzima. Maelezo yangu yalinyooka kama nguzo zile. Mwenzangu amemhonga mzee. Watapanda wawili, kimyakimya, nami nitaambiwa nilale kidogo kwa kuwa mlima una ukungu. Asubuhi nitaona bikoni imesimama na kozi imekwenda Tukuyu. Sikuandika "labda". Niliandika kama mtu aliyeona kwa macho.

Jumapili wote walikwenda kanisani. Mimi nikasema tumbo linauma. Mama yule akanipa maji ya tangawizi, akanipapasa kichwa, akasema, "Pole, karani. Ni hayo maneno unayoyameza bila kuyasema." Walipopotea kwenye kona nikachukua panga na kiazi kimoja nikapanda.

Njia ya mgongo nilipanda vizuri, mwanzo miti, kisha majani marefu yanayonifika kifuani. Saa sita nilikuwa chini ya Jino. Ule ufa wangu niliuona: ulikuwa unavuja maji, kijani kwa kuvu, na katikati kulikuwa na jiwe limekwama kama mfupa kooni. Hapo hapo nilijua mchoro wangu haufai, lakini sikutaka kuujua, kwa hiyo nikaanza kuzunguka kutafuta njia ya mzee.

Ndipo nikaona fundo la kwanza.

Shungi la majani mabichi, hayakukatwa, yamekusanywa yakiwa yamesimama na kufungwa kwa jani lao wenyewe, kwa ustadi. Hatua kumi mbele, lingine. Kisha mawili pamoja. Yalikuwa mapya, jani la kufungia bado halijanyauka. Yalikwenda kwa kupindapinda mpaka chini ya jiwe, upande wa pili, mahali ambapo sikuwa nimepaona.

Sasa niseme jambo ambalo mtu wa huko Mbeya hawezi kulielewa mpaka aambiwe. Kwetu, kwenye milima ya Kilolo, bibi yangu alitufundisha kwamba majani yaliyofungwa njiani maana yake kuna mtu amefunga njia. Ameifunga kwa ajili ya mtu fulani. Yule mtu akiyapita, safari yake imekwisha. Atakwenda lakini hatafika. Dawa yake ni kuyafungua kwa mkono wa kushoto, yote, bila kuruka hata moja, na kuondoka bila kugeuka nyuma. Nilikuwa nimesoma jiografia. Nilikuwa nimepata alama nzuri za sayansi. Nilisimama pale chini ya Jino, nikasema kwa sauti, "Kumbe!"

Maana kila kitu kilikaa sawa. Mikono ya mzee Ijumaa, kama anasuka. Kicheko. Kutembea kwa Jumamosi. Na huyu ni mzee wa kanisa!

Niliyafungua yote. Thelathini na saba, nilihesabu. Mkono wa kushoto ulichanika na majani. Mengine niliyatandaza kwa mguu yasijulikane yalikuwa wapi. Kisha nikashuka bila kugeuka, na nikashuka kwa furaha. Niseme ukweli, nilishuka naimba. Nilipofika nyumbani wote walikuwa wamerudi zamani, na mwenzangu alikuwa uani ameisimamisha ile darubini kwenye miguu yake anaifuta vioo. Nikasema nilikuwa mtoni nafua.

"Nguo ziko wapi?" akauliza.

"Nimezianika huko huko."

"Vizuri," akasema, akaendelea kufuta.

Jumatatu ukungu ulishuka mpaka kwenye paa. Mama na wanawake wenzake wawili walikwenda juu kukata majani ya kuezekea, kama wanavyofanya kila mwaka mvua zikiisha. Mimi nilikuwa nachonga ncha za nguzo. Saa tano tukasikia sauti zao kabla ya kuwaona. Walikuwa wanamshika huku na huku. Mguu wake wa kulia ulikuwa umechunika kutoka gotini mpaka kifundoni, damu imechanganyika na matope, na alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Nimezama!" alikuwa anasema. "Nimezama mpaka hapa, jamani, kama mwiko kwenye ugali! Ardhi yenyewe imenimeza!"

Mzee hakucheka. Alimwosha mguu, akamfunga kwa kitambaa, kisha akawauliza wale wanawake maswali kwa Kisafwa, taratibu. Nikaona uso wake unabadilika. Akachukua fimbo akapanda peke yake katika ukungu ule. Aliporudi alisimama mlangoni pa banda letu.

"Nani amefungua majani?"

Akatuambia, kwa Kiswahili, tuelewe wote. Chini ya Jino ardhi imepasuka. Kuna nyufa nyembamba zenye kina cha watu wawili, na majani yanaota kutoka pande zote yanazifunika, huoni kitu. Baba yake alikuwa anafunga majani kila mwaka mvua zikiisha: fundo moja, pita hapa, mafundo mawili, ufa, simama. Hata kwenye ukungu mtu anapapasa kwa mkono anajua. Jumamosi alikuwa ameyafunga yote, kwa ajili ya wanawake wa majani na kwa ajili yetu sisi tuliotaka kubeba nguzo.

Akamnyooshea mwenzangu kidole. "Wewe. Ijumaa nilikuonyesha, ukacheka. Ukasema Wasafwa tunasuka mlima nywele. Umekwenda kutufanyia mzaha."

Mwenzangu alifungua mdomo. Akaniangalia mimi. Akaufunga.

"Mimi hukunionyesha, mzee," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Wewe ulikuwa unaandika," mzee akajibu. Kisha akasema, "Huyu Mnyakyusa mimi sipandi naye. Nitapanda na huyu kijana Mhehe. Keshokutwa nitafunga upya, Jumamosi tunapanda."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kitu nilichokuwa nakitaka. Mkononi kabisa. Jumamosi bikoni inasimama, Jumatatu Bwana anaiona, nami ndiye niliyepanda.

Siku ile sikuandika kitu kwenye daftari. Niliandika tarehe tu. Mwenzangu alilala kifudifudi, hakuniuliza neno, na kimya chake kilinitia wasiwasi kuliko kelele. Kwa nini hajitetei? Mtu asiye na kosa si hupiga kelele? Nilijaribu hata kumshuku kwamba alikuwa amefungua mengine mapema, kabla yangu. Akili ya mtu mwenye hatia inafanya kazi nyingi sana.

Jumanne mzee alinichukua pembeni ya nyumba, akaanza kunieleza njia ya Jino yenyewe, kwa ukarimu, kama ananigawia urithi. Ukifika chini, acha ule ufa mkubwa, unadanganya. Zunguka kushoto. Kuna ngazi ya mawe, ya kwanza mpaka ya nne ni nyepesi. Ya tano unavua viatu. Hapo unalala kifua kwenye jiwe, mkono wa kulia unatafuta shimo bila kuliona, lipo, liamini tu. Alikuwa ananionyesha kwa mkono wake kwenye ukuta wa nyumba, amelala kifua kwenye udongo, vidole vinatafuta. Ndani tulimsikia mkewe akigumia anapogeuza mguu.

"Mzee," nikasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Majani. Jumapili. Ni mimi niliyefungua."

Alibaki amelala kifua kwenye ukuta. Kisha akashusha mikono.

"Yote?"

"Yote. Thelathini na saba."

"Na ulihesabu." Akakaa chini. "Kwenu majani yakifungwa ni nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya bibi yangu, mkono wa kushoto, kila kitu. Nilitegemea atanipiga fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali lililoniuma kuliko fimbo: "Umelala kwangu siku tano, umekula kwangu, ukaona mimi ndiye wa kukufungia njia?"

Kutoka ndani mama akapaza sauti. "Mlete hapa huyo karani!"

Niliingia nikapiga magoti. Alikuwa amekaa kwenye ngozi, mguu umevimba kama kinu. "Wewe si ulisema tumbo linauma?" akasema. "Nikakupa tangawizi yangu!" Akanipiga kofi moja la bega, zito. Kisha akamwagiza mumewe alete majani, akanifundisha fundo pale pale, juu ya ule mguu. Nilikosea mara nyingi. "Hilo litafunguka kwa mbuzi akipiga chafya. Rudia. Hilo nalo la kufungia mzigo wa kuni. Rudia!"

Mzee alitoa hukumu yake jioni. Mimi nitafunga majani yote, yeye atanionyesha nyufa kwa fimbo. Siku ya kupanda Jino nitakaa chini, nishike mwisho wa kamba. Atakayepanda ni Mnyakyusa. Alimwomba mwenzangu msamaha mbele yangu, kwa mikono miwili. Mwenzangu akasema yameisha, mzee.

Kufunga kulikuwa kazi ya siku nyingi kuliko tulivyodhani, kwa sababu ukungu ulikataa kuondoka, na kwa sababu kwa mguu wangu mwenyewe nilikuwa nimeyatandaza majani, hata mzee akawa anatafuta nyufa kwa kudunga fimbo, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta mhogo. Jumamosi ikapita. Jumapili kanisani. Jumatatu ya Bwana ikafika na ikaondoka, Jino limefunikwa na ukungu, juu yake hakuna kitu. Nilifikiria yule Mzungu huko Chunya, jicho kwenye kioo.

Jumatano walipanda. Nilikaa chini nimejifunga kamba kiunoni, nasikia sauti zao tu, mwenzangu analaani mawe kwa Kinyakyusa, mzee anacheka. Nguzo zilipanda moja moja. Mwishoni mwenzangu akanipigia kelele kutoka juu kwamba nguzo za zamani ameziona: zimeoza miguuni, mchwa wamezila, upepo umemalizia. Hakuna aliyeziangusha. Na hilo pia nilikuwa nimempa mzee daftarini, kwa mstari chini yake.

Tukiwa tunashuka nilimuuliza mwenzangu kwa nini hakujitetea siku ile.

"Nilikuona," akasema. "Jumapili. Niliiweka darubini nitazame njia. Ile darubini si inageuza? Nikaona Mhehe kichwa chini miguu juu, ananing'inia kwenye mlima, anafungua majani kwa mkono wa kushoto. Nikasema huyu anafanya nini?"

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Na mimi nilikuwa nataka kuona utakaa nayo siku ngapi."

Sikulipenda jibu lile. Mpaka leo sijui kama ndilo lote.

Tulirudi Mbeya, tukakuta amri ya Bwana: bikoni imechelewa siku mbili, anataka maelezo ya maandishi, kwa Kiingereza, kutoka kwa aliyeisimamisha. Bila sababu ya maana, kozi atapewa mtu wa kituo kingine. Mwenzangu hakuwa na Kiingereza cha kuandika. Alinijia kwenye chumba changu na karatasi mbili safi na bahasha.

"Andika, Darasa la Kumi. Andika ukungu."

"Ukungu?"

"Ukungu ulikuwapo. Si uongo. Andika ukungu, yaishe, mimi na wewe tubaki na kazi."

Nilichovya kalamu. Nilijua Bwana hatakubali ukungu. Kila mwaka kuna ukungu, na alitupa wiki mbili kwa sababu hiyo hiyo. Lakini hilo siyo lililonisimamisha. Nilimwangalia mwenzangu amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, mpole, anazungusha kofia yake, nikamshuku tena. Nilimshuku kwamba akinifichia hili, atakuwa nalo. Miaka yote nitashika cheni huku yeye amenishika mimi. Labda hakuwaza hivyo hata kidogo. Kwangu ilitosha.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Niliandika kwamba mshika cheni mdogo, bila ruhusa, aliondoa alama za hatari chini ya Jino, kwamba mwanamke mmoja aliumia kwa sababu hiyo, na kwamba mshika cheni mkubwa alizuiwa kupanda kwa kosa ambalo halikuwa lake, kisha akapanda na kuisimamisha bikoni kwa siku moja. Nikaweka jina langu chini, langu kama mkosaji na langu kama mwandishi.

"Soma," akasema.

Nikamsomea kwa Kiswahili. Nje watu walikuwa wanapita wakitoka sokoni.

"Sasa wewe je? Wanaweza kukufukuza."

"Wanaweza."

"Tuandike nyingine. Karatasi ipo."

Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikailamba, nikambandikia kifuani.

"Peleka Boma. Sasa hivi, kabla moyo wangu haujageuka."

Alitoka. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyokwenda, kofia mkononi, anasalimia kila mtu njiani, anasimama, anauliza habari za nyumbani, anaitikia, anacheka. Bahasha ameishika kama mtu aliyeshika kuku wa zawadi.

"Ongeza mwendo, wewe!" nikampigia kelele. "Ofisi inafungwa!"